Boti haisikii ufuo, ufuo hausikii zimamoto: tuanzie wapi?

Swali kutoka Lamu: "Sisi ni kikundi cha uokoaji cha kujitolea. Tuna redio za mkononi kumi na mbili za UHF, zile ndogo za chaneli 16. Boti yetu ina redio ya VHF ya baharini ya wati 25. Zimamoto wana redio za kidijitali, zimeandikwa 400–470 MHz. Mwezi uliopita tulifanya zoezi: mashua imepinduka mkondo wa Mkanda, na wakati huohuo moshi unatoka nyumba ya makuti kule Shela. Hakuna aliyemsikia mwenziwe, tukaishia kupigiana simu. Sasa kuna mtu anatuuzia kisanduku cha kuunganisha redio zote. Tununue? Au tukiingiza ile chaneli 16 ya baharini kwenye redio zetu ndogo, haitatosha?"

Ndugu, kisanduku msinunue bado. Na hilo la pili haliwezekani, kwa sababu redio yenye chaneli 16 si redio yenye chaneli ya 16. Namba iliyoandikwa kwenye boksi la redio zenu inahesabu nafasi za kuhifadhia masafa, yaani mashubaka kumi na sita matupu. Ndani mnaweka mnachopewa. Chaneli 16 ya baharini ni masafa yanayojulikana dunia nzima, 156.800 MHz, yaani VHF, na redio zenu za UHF zinaanzia 400. Hazifiki huko, apewe fundi yeyote.

Zoezi lenu hata hivyo limewapa faida. Kati ya pande mbili zilizogoma, upande mmoja unatibika kwa kompyuta na waya wa kuprogramu bila kununua redio hata moja. Ni upande wa zimamoto. Redio zao na zenu ziko kwenye eneo moja la masafa. Kinachowatenganisha ni kwamba wao wanatuma kidijitali na ninyi mnatuma analogi. Ukisikiliza redio ya kidijitali kwa redio ya kawaida husikii sauti ya mtu, unasikia mngurumo mkavu wa tatatata kama injini ndogo. Kama siku ya zoezi kuna kijana wenu aliyesema redio "inakoroma", basi huenda alikuwa anawasikia zimamoto bila kujua.

Redio nyingi za kidijitali za aina hiyo, hasa za mfumo wa DMR, zinaweza kubeba chaneli za analogi kando ya zile za kidijitali. Waombeni zimamoto nafasi moja tu katika redio zao, iwekwe analogi, kwa masafa ambayo ninyi mna leseni nayo kutoka Mamlaka ya Mawasiliano. Kama hayo masafa yenu yaliingizwa na muuza duka na hakuna karatasi, anzeni na karatasi. Redio nyingi za bei nafuu hutoka kiwandani na masafa yaleyale, na hamjui kwa Lamu nzima ni nani mwingine anayeyatumia: hoteli, mafundi wa ujenzi, walinzi.

Wakati wa kuprogramu, mambo manne lazima yalingane, na moja likikosa mtarudi kulekule kwenye kimya. La kwanza ni masafa ya kutuma na ya kupokea, yote mawili. La pili ni upana wa chaneli, 12.5 au 25 kHz. Hapa redio hazigomi kabisa, ndiyo maana watu hawagundui: anayetuma kwa upana mdogo kwenda kwa anayepokea kwa upana mkubwa husikika kwa mbali kama anayenong'ona, na kinyume chake sauti inapasuka kila mtu akipaza. La tatu ni aina, analogi au dijitali. La nne ni toni, na hili ndilo linalowatesa wengi.

Toni ni sauti ya chini sana, kati ya 67 na 254 Hz, ambayo redio inaituma chini ya maneno yako bila wewe kuisikia. Redio ya upande wa pili ikiwekewa toni, haifungui spika mpaka itambue toni yake. Dalili yake ni hii: Ali anamsikia Omari vizuri, lakini Omari hamsikii Ali. Hapo usilaumu betri wala antena. Toni imewekwa kwenye upokeaji wa Omari na Ali haitumi. Kuna kipimo cha sekunde tano. Omari ashikilie kile kitufe cha pembeni kinachofungua skwelchi, yaani kizuizi kinachonyamazisha spika pasipo anayetuma, redio ianze kulia shhh, huku Ali anazungumza. Sauti ya Ali ikijitokeza, mkosaji ni toni. Kwa chaneli ya pamoja ya dharura napendelea upokeaji usiwe na toni kabisa. Mtavumilia kelele kidogo, lakini hakuna atakayefungiwa mlango nje.

Na muwaonye watu wote kwamba "chaneli 5" haina maana nje ya redio aliyoishika mtu. Kwenu 5 inaweza kuwa masafa fulani, kwa zimamoto 5 ni kitu kingine kabisa. Ipeni chaneli ya pamoja jina, mathalani UOKOZI, liandikwe kwenye plasta na kubandikwa mgongoni mwa kila redio pamoja na namba ya nafasi yake katika redio hiyo. Ni baharini tu ambako namba za chaneli ni za wote, na hata huko kuna mtego: redio zilizotoka Marekani huja zikiwa kwenye mpangilio wa kwao, na baadhi ya chaneli, kama 22, haziendani na za kimataifa. Tafuteni kwenye menyu mpangilio ulioandikwa INT na muuache hapo.

Sasa upande wa boti. VHF ya baharini na UHF ya mkononi hazitakutana kwa programu, kwa hiyo njia ya bei ndogo ni kubadilishana. Nunueni redio tatu za mkononi za baharini, zile zinazoelea na zenye alama ya IPX7, maana yake zinastahimili mita moja ya maji kwa nusu saa. Moja iwe kwa msimamizi aliye ufuoni, ya pili kwa anayesimamia zahanati au boti ya wagonjwa, ya tatu iwe akiba ikiwa imejaa chaji. Nahodha naye abebe redio mbili za UHF kwenye mfuko usioingia maji, moja mkononi mwa msaidizi wake. Kwa njia hiyo kila upande una mtu mwenye masikio mawili. Redio ya baharini ikitumiwa nchi kavu inahitaji kibali cha kituo cha pwani; liwekeni kwenye ombi lilelile la leseni.

Huyo mwenye masikio mawili afundishwe kazi yake, kwa sababu si kazi ya mpiga domo. Anapokea ujumbe kamili, anaurudia kwa aliyemtumia, kisha anaupeleka upande wa pili neno kwa neno, bila kufupisha na bila kuongeza lake. Redio zake mbili zisikae shingo kwa shingo: moja ikituma karibu na spika ya nyingine inazaliwa filimbi kali ya kuzunguka. Aishike moja mkononi, ya pili aiteremshe sauti au atumie sikio la waya. Anachelewesha ujumbe sekunde kumi hivi, lakini anachuja makelele, na hilo kisanduku hakiwezi.

Baharini itaneni kwa 16, mkishapatana hamieni 6 au 72 na muiache 16 wazi. Chaneli 6, 156.300 MHz, ndiyo iliyotengwa kimataifa pia kwa mazungumzo ya meli na ndege za uokoaji, kwa hiyo izoeeni. Chaneli 70 msiiguse kwa sauti. Ni ya ishara za kidijitali za hatari. Redio ya boti yenu ikiwa na kitufe chekundu chenye kifuniko, kitufe hicho ni bure mpaka iingizwe namba ya utambulisho ya tarakimu tisa. Ya chombo cha Kenya inaanza na 634. Ikishaingizwa na GPS ikaunganishwa, ukishikilia kitufe sekunde chache redio inapiga kelele yenyewe kwa kila chombo kilicho karibu na kutaja ulipo, hata kama nahodha hawezi kusema. Nimeona redio nyingi za namna hii ambazo waya wa GPS uko bado ndani ya nailoni yake kwenye droo.

Mnaowahitaji nje ya Lamu ni Kituo cha Uratibu wa Uokoaji Baharini cha Mombasa, kilicho chini ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na Walinzi wa Pwani. Nao wapewe mpango wenu wa chaneli kwa maandishi kabla ya siku ya balaa. Polisi msiwaombe masafa yao; ombeni afisa atakayesimama karibu na msimamizi wenu akiwa na redio yake.

Tuje kwenye umbali, maana hapo ndipo watu hutupa pesa. VHF na UHF zinakwenda kwa mstari wa macho, zinapinda kidogo tu juu ya upeo. Hesabu yake ni rahisi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena ya kila upande kwa mita, jumlisha, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Watu wawili wenye redio za mkononi ndani ya mashua mbili, antena mita moja juu ya maji: 1 na 1 ni 2, mara 4.12, ni kilomita 8, na hiyo ni bahari tupu. Kuongeza wati hakuisogezi. Sasa weka antena juu ya nguzo ya mita 6 kwenye dari la nyumba ya mita 12: jumla mita 18, kipeuo chake 4.24. Boti yenye antena mita 2 ni 1.41. Jumla 5.65, mara 4.12, ni kilomita 23. Mita kumi na saba za urefu zimefanya kazi ambayo redio ya wati mia isingeifanya.

Lamu yenyewe ina vizuizi vyake. Vilima vya mchanga vya Shela vinaufunika ufuo wa kusini, hivyo boti iliyo upande wa bahari kuu kuelekea Kipungani inaweza isisikike mjini ingawa kwa ramani iko karibu. Mikoko yenye majani mabichi inameza mawimbi, UHF zaidi kuliko VHF. Na maji ya bamvua yakipwa, boti iliyo ndani ya mkondo inashuka mita tatu hivi, antena yake inajikuta chini ya vichwa vya mikoko. Mkijaribu Mkanda maji yakiwa yamejaa mkasikika, rudieni yakiwa yamekupwa. Kwa Pate, Faza, Kizingitini na Kiwayu msitegemee kituo kimoja cha mjini. Wekeni mtu wa kupokezana, au ripita, redio inayopokea ujumbe na kuurusha tena, mahali palipoinuka.

Ndani ya nyumba za mawe za Mji wa Kale, mambo hugeuka. Kuta nene za matumbawe na chokaa zinazuia VHF na UHF, lakini UHF kwa mawimbi yake mafupi hupenya vizuri zaidi kwenye madirisha na milango. Kikosi kinachoingia ndani kizungumze moja kwa moja, redio kwa redio, si kupitia ripita ya mbali: mtu aliye kisimani ndani ya kiwanda cha nyumba, yaani ua wa ndani, huenda asiifikie ripita, ilhali mwenziwe aliye mlangoni, mita kumi na tano, anamsikia. Huyo wa mlangoni ndiye anayepeleka habari nje. Ripita iwe ya msimamizi na kituo.

Kwenye antena ya kituo, waya ni nusu ya redio. Watu wananunua redio ya wati 25 kisha wanaifunga kwa mita 20 za ule waya mwembamba wa RG-58. Kwa masafa ya VHF unapoteza takriban desibeli 4, kwa hiyo juu ya nguzo zinafika wati 10. Waya mnene wa RG-213 kwa urefu uleule unafikisha wati 16 hivi. Viungio vifungwe kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, kisha utepe wa kawaida juu yake, na waya ufanye kitanzi cha kudondoshea maji kabla haujaingia ndani. Chumvi ya Lamu haina huruma. Kiungio kikiwa cha kijani ndani, usikisugue; kata sentimita kumi za waya, uweke kipya. Pimeni kwa mita ya mawimbi yanayorudi: chini ya 1.5 ni vizuri, ikipita 2 tafuteni tatizo, ikifika 3 redio nyingi hujipunguza nguvu zenyewe na mtadhani imekufa.

Umeme uwe wake. Redio ya wati 25 inakula kama ampea 0.4 ikisikiliza na 5.5 ikituma. Kwa saa 24, ukituma sehemu moja ya kumi ya muda, ni ampea-saa 22 hivi. Betri ya asidi isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo kwa siku mbili bila jua chukueni ya 100, na paneli ya wati 100.

Kisanduku sasa. Kazi yake ni kuchukua sauti inayotoka redio moja na kuisukuma redio nyingine. Ni chombo halali na kinasaidia, ila kinaharibika kwa namna ambazo muuzaji hatazitaja. Kila hatua inakula mwanzo wa sentensi: redio ya kwanza inafunguka, kisanduku kinagundua, redio ya pili inaanza kutuma, na "usiingie" inafika upande wa pili ikiwa "ingie". Dawa ni kubonyeza, kuhesabu moja, ndipo uzungumze. Visanduku vya bei ndogo vinaanzishwa na sauti tu, kwa hiyo upepo wa kusi kwenye kipaza sauti au injini ya boti vinatosha kukifanya kitume bila kukoma. Ndiyo sababu kisanduku hakiunganishwi na chaneli 16 hata siku moja. Kikikwama kimeziba mlango wa kila mwenye hatari kutoka hapo hadi upeo wa macho. Tafuteni kinachosoma waya wa ishara wa redio yenyewe, ule unaoonyesha kwamba inapokea, na chenye saa ya kukata baada ya dakika moja au mbili. Redio zilizofungwa humo zinatuma karibu nusu ya muda wakati zimetengenezwa kwa kutuma kidogo. Zishusheni nguvu, ziwekeeni feni.

Kuna na hesabu moja ndogo ambayo imewasumbua mafundi wazuri. Kila redio inavuja kidogo kwenye mara tatu ya masafa yake. Chaneli 72 ni 156.625, mara tatu ni 469.875. Chaneli 6 mara tatu ni 468.9. Mkipewa masafa ya UHF karibu na hapo, redio ya baharini ikituma kwenye dari lilelile inaiziba ile ya UHF, na mtabadilisha kisanduku mara mbili bila kupata sababu. Ombeni masafa ya chini zaidi, na antena mbili zipishane angalau mita tatu, moja juu ya nyingine badala ya ubavuni.

Mwisho ni mdomo, maana redio zikishasikilizana watu bado wanaweza kupishana. Kiswahili chetu kina mitego yake hewani. Sita na tisa ni herufi zilezile zilizobadilishana nafasi. Katikati ya kelele hakuna anayezitofautisha. Nane na nne vilevile. Ndiyo maana mabaharia wengi hutaja namba kwa Kiingereza, tarakimu moja moja, na hakuna ubaya. Mashariki na magharibi zinaanza na kuisha karibu sawa. Tajeni alama: "upande wa Ras Kitau", "upande wa Mokowe". Manda ni kisiwa, kiwanja cha ndege na ghuba. Pate ni kisiwa na ni mji. Na saa: ukisema "saa nane" kwa afisa aliyetoka bara anayeandika kwa saa 24, huenda akaandika 0800, wakati wewe una maana 1400. Kubalianeni hesabu moja ya saa kwa redio zote, na iandikwe juu ya daftari.

Zoezi lijalo lifanyeni maji yakiwa yamekupwa, na kabla ya kuanza kusanyeni simu zote kwenye kikapu kimoja, awepo mtu wa kukilinda iwapo kutatokea dharura ya kweli. Atakayekuja kwenye kikapu kwanza, muulizeni alitaka kumwambia nani, kitu gani, muandike. Mkiona majibu yote yanaelekea kwa mtu mwenye masikio mawili aliyezidiwa na kazi, hapo rudini kwa muuzaji wa kisanduku, na muulize kwanza kama kinasoma waya wa ishara au kinaanzishwa na sauti.